Nani Anasema "Basi"? Namna serikali iliyo vitani inavyokubali kushindwa, hata askari wake wakikataa

*Maneno haya yalisemwa na mtumishi wa shirika letu wa mashinani katika mkutano wa familia zilizohama na viongozi wao, mjini Likasi. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.*



Ninawashukuru kwa kuja. Ninajua wengine wametoka Panda kwa mguu, na wengine wameacha makala yao sokoni bila mtu wa kuyauza. Kwa hiyo sitawachelewesha bure.

Mara ya mwisho tulipokutana, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mitwaba aliinua mkono. Alisema: "Kila siku mnatufundisha kusameheana na jirani. Sawa, tumesikia. Lakini vita havikuanzishwa na jirani yangu. Vilianzishwa na wakubwa. Mtuambie basi: mkubwa hufanya namna gani hata aseme vita vimekwisha? Na askari wake wakikataa, inakuwaje?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba ni swali zuri, kama tunavyosema sisi watu wa mashirika tunapokosa la kusema. Lakini swali lile lilinifuata nyumbani. Leo nimekuja kulijibu kadiri ninavyoweza. Wala sikuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano, kwa sababu mfano uko hapa hapa, chini ya miguu yetu.

Mji huu umekwisha kuyaona

Vijana wengi hawajui kwamba Likasi iliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, na kwamba kwa miaka miwili na nusu ilikuwa ndani ya nchi iliyojitangaza yenyewe. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kulikuwa na rais, mawaziri, bendera, pesa, na jeshi lililoitwa jandarmeri, likiongozwa na maofisa wa Kibelgiji na baadaye mamluki. Pesa ya kulilipa jeshi hilo ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi za Union Minière, yaani kwenye shaba iliyochimbwa na kuyeyushwa na baba zetu, pamoja na wale wa Shituru.

Si Wakatanga wote waliokubali. Kaskazini, watu wa BALUBAKAT ya Jason Sendwe walikataa, na vijiji vyao vikachomwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka 1962 ndipo ONU ilipowasafirisha kuwarudisha Katanga ya kaskazini na Kasai. Kwa hiyo ninyi mlio hapa leo si wa kwanza kulala chini ya hema katika nchi yenu wenyewe. Wako waliowatangulia.

Kusalimu amri kwa kwanza kulikotokea katika mji huu hakukuwa kwa serikali. Kulikuwa kwa wageni. Mwezi wa Septemba 1961, kikosi cha askari wa Ireland wa ONU, wapatao 150, walizingirwa hapa na jandarmeri wengi kupita wao. Walipigana kwa siku tano. Wenzao waliotumwa kuwasaidia walizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Tarehe 17 Septemba, maji na risasi vikiwa vimekwisha, kamanda wao Pat Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Hakuna hata mmoja wa askari wake aliyekufa katika mapigano yale, na wote waliachiliwa baadaye. Lakini walipofika kwao, kwa miaka mingi walionekana kama watu walioleta aibu. Ni katika miaka ya 2000 ndipo nchi yao ilipoanza kuwapa heshima.

Shikeni neno hilo la aibu. Tutalirudia.

Siku 11 kati ya Jadotville na Kolwezi

Sasa tuje kwa serikali yenyewe. Tarehe 21 Desemba 1961, baada ya mapigano makali Élisabethville, Tshombe alitia sahihi masikilizano ya Kitona pamoja na waziri mkuu Cyrille Adoula. Kwenye karatasi alikubali kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo. Aliporudi nyumbani, mambo yalicheleweshwa, bunge likajadili, mwaka mzima ukapita. Karatasi ilikuwa imesalimu amri, lakini watu hawakuwa wamesalimu.

Mwishoni mwa Desemba 1962 risasi zililia tena Élisabethville. Safari hii ONU haikusimama. Ndege za Waswidi ziliharibu ndege za kivita za Katanga zikiwa uwanjani Kolwezi. Wahindi na Waethiopia waliuchukua mji wa Élisabethville na barabara zake. Kisha Wahindi wakaja huku. Daraja la Lufira lilikuwa limeharibiwa, wakavuka hata hivyo. Tarehe 3 Januari 1963 waliingia Jadotville.

Nkambo yangu alikuwa msichana aliyeolewa karibuni, akikaa Kikula. Aliniambia kwamba siku ile aliijaza maji kila sufuria na kila ndoo iliyokuwa nyumbani, kwa maana katika vita maji hukatika kabla ya chakula. Alingoja makelele. Makelele yalikuwa machache. Aliniambia: "Jandarmeri walipita mbio wakienda upande wa Kolwezi, mmoja akiwa ameshika viatu mkononi. Hapo nikajua vita vimekwisha. Wakubwa walijua siku nyingi nyuma yetu."

Ni kweli, wakubwa walichelewa. Toka tarehe 3 mpaka tarehe 14 Januari ni siku 11. Katika siku hizo 11 ndimo lilimo jibu la swali la yule mama.

Kolwezi ilikuwa mji mkubwa wa mwisho mikononi mwa Katanga. Huko walikuwa wamekusanyika jandarmeri na mamluki ambao hawakutaka kusikia habari ya kushindwa. Walikuwa wametega baruti kwenye bwawa la Nzilo, lililotoa sehemu kubwa ya umeme wa Katanga, na kwenye viwanda vya Union Minière. Tshombe mwenyewe alikuwa ametishia kwamba ataacha majivu tu. Hebu fikirini: bwawa likipasuka, umeme hakuna, viwanda hakuna, mshahara hakuna, na maji yanafagia kila aliye bondeni.

Lakini bwawa halikupasuka. Tarehe 14 Januari 1963, Tshombe na mawaziri wake, wakiwa Kolwezi, walitangaza kwamba wako tayari kukiri mbele ya dunia kuwa kujitenga kwa Katanga kumekwisha, na kwamba ONU itapita popote inapotaka. Waliomba jambo moja: msamaha wa kisiasa kwao na kwa waliowatumikia. Rais Kasavubu na waziri mkuu Adoula walikubali. Tarehe 21 Januari askari wa ONU waliingia Kolwezi kwa amani.

Ni nini kiliwafanya waseme basi?

Nikisoma habari hizo naona mambo manne. Ninayataja kwa mpangilio ili viongozi wayakumbuke.

La kwanza, *ukweli ulifika mezani*. Ndege zilikuwa zimeungua. Élisabethville ilikuwa imekwenda, Kipushi imekwenda, Jadotville imekwenda. Hapo hakuna ofisa aliyeweza kumwambia rais, "Mheshimiwa, bado kidogo tutashinda." Vita vingi hurefuka kwa sababu mkubwa anazungukwa na watu wanaoogopa kumpelekea habari mbaya.

La pili, *marafiki wa nje walichoka*. Ubelgiji na Uingereza, ambazo huko nyuma zilikuwa na huruma kwa Katanga, sasa zilimsukuma Tshombe akubali. Union Minière nayo haikuwa na faida katika mabwawa yaliyovunjika. Mtu anayepigana kwa pesa ya mwingine hupigana mpaka siku ile mwenye pesa atakapofunga mkono.

La tatu, *kilichotaka kuharibiwa kilikuwa chao wenyewe*. Ni rahisi kuchoma kijiji cha mbali ambacho hukujui. Ni vigumu kuvunja bwawa linalowasha taa ya nyumba ya mama yako. Mamluki angepanda ndege akaenda zake. Waziri Mkatanga angebaki gizani pamoja na watu wake.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, *mlango ulikuwa wazi*. Tangu Agosti 1962 kulikuwa na mpango wa U Thant, katibu mkuu wa ONU: katiba ya shirikisho, mapato kugawanywa nusu kwa nusu, jeshi moja, na msamaha. Mpango huo haukuandikwa siku ya kushindwa. Ulikuwa umekwisha kuandikwa, unangoja. Tshombe alipotaka kutoka, alijua atatokea wapi na upande wa pili atakuta nini.

Ndugu zangu, wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli. Lakini kukubali kushindwa bila kujua kama utaamka kesho ni jambo ambalo watu wachache huliweza. Mtu asiyeona mlango hupigana na ukuta.

Jiwe la Shinkolobwe na usiku wa Tokyo

Yule mama aliuliza pia: askari wakikataa, inakuwaje? Hapa nitawapeleka mbali, lakini kwa njia inayoanzia karibu.

Wote mnaijua Shinkolobwe, kilometa kama 20 kutoka hapa. Jiwe lililotoka Shinkolobwe lilipelekwa Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, na likawa sehemu kubwa ya uranium iliyotengenezewa mabomu ya atomu. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la kwanza liliangukia Hiroshima, Japani. Tarehe 8, Urusi ya Kisovieti ilitangaza vita dhidi ya Japani. Tarehe 9, bomu la pili likaangukia Nagasaki.

Mngefikiri siku hiyo hiyo Japani ilisema basi. Hapana. Baraza kuu la vita lilikuwa na watu sita, nao wakagawanyika tatu kwa tatu. Waziri mkuu Suzuki, waziri wa mambo ya nje Togo na waziri wa jeshi la majini Yonai walitaka kukubali, mradi mfalme abaki. Waziri wa jeshi la nchi kavu Anami na wakuu wawili wa majeshi, Umezu na Toyoda, walitaka masharti zaidi. Japani ilikuwa bado na mamilioni ya askari wenye silaha. Baraza lilipokwama, waliupeleka uamuzi kwa mfalme Hirohito usiku ule wa kuamkia tarehe 10, na tena tarehe 14. Mara zote mbili alisema vita vikome.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, mfalme alirekodi hotuba yake ili isomwe redioni mchana. Maofisa vijana, wakiongozwa na meja Hatanaka, waliingia katika jumba la mfalme kutafuta sahani iliyorekodiwa hotuba ile. Walimuua kamanda wa walinzi wa mfalme, jenerali Mori, kwa kuwa alikataa kujiunga nao. Walitafuta usiku kucha na hawakuipata. Asubuhi jenerali Tanaka alifika akawazima. Saa sita mchana watu wakasikia sauti ya mfalme wao redioni.

Na Anami je, yule waziri wa jeshi aliyetaka vita viendelee? Kama angejiuzulu, serikali ingeanguka na vita vingeendelea. Kama angewaunga mkono wale vijana, labda jeshi zima lingewafuata. Hakufanya hivyo. Alitia sahihi karatasi ya kusalimu amri pamoja na mawaziri wengine, akawaambia maofisa wake watii, kisha akajiua alfajiri. Mimi simsifu kwa kujiua; Mungu ndiye mwenye uhai. Lakini naona jambo hili: mtu aliyepinga uamuzi aliutii ulipokwisha kupita, na utii wake uliokoa watu wengi.

Basi kati ya kuamua na kutii kuna usiku mmoja wa hatari. Sisi tulio chini hatuuoni usiku huo. Tunasikia tu redio ikisema vita vimekwisha, tunafunga mizigo, tunapanda baiskeli kurudi kijijini. Wakati huo huo kuna kamanda msituni anayejiuliza kama atatii.

Askari aliyesahauliwa

Sasa nitasema jambo gumu. Katanga ilisema basi mwaka 1963, lakini je, vita vilikwisha?

Jandarmeri walikuwa maelfu mengi. Walioingia katika jeshi la taifa walikuwa sehemu ndogo. Wengine walirudi vijijini na bunduki zao. Wengine, pamoja na mamluki, walivuka kuingia Angola. Tshombe mwenyewe aliondoka nchini mwaka 1963, na Julai 1964 akarudi akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Wakubwa hupata kiti kingine. Askari mdogo alibaki ng'ambo ya mpaka, hana kazi, hana cheti, hana wa kumwita nyumbani.

Mwaka 1977 walirudi, pamoja na vijana waliokulia ukimbizini, na mwezi wa Mei 1978 waliingia Kolwezi. Mamia ya watu waliuawa, Waafrika na Wazungu. Huo ni mji uleule ambamo miaka 15 nyuma mawaziri walisema basi. Deni lisilolipwa halifi. Hungoja watoto wakue.

Tumeona mambo kama hayo karibu zaidi. Mnakumbuka Mei 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha kwa MONUC pale Mitwaba pamoja na watu wake. Wengi wenu mlisema, sasa tutarudi. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu mwaka 2009. Septemba 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi, na vijiji vikaungua tena. Oktoba 2016 alijisalimisha mara ya pili. Machi 2020 akatoweka tena. Mtu mmoja kusalimu amri mara mbili, na familia zilezile kukimbia mara tatu! Ndiyo sababu simlaumu mtu hapa anayeniambia, "Ndugu, mimi sifungi mzigo kwa ajili ya habari ya redio."

Na waliochoma nyumba zetu?

Ninajua swali lililo mioyoni mwenu, kwa sababu nimekaa nanyi kwenye mikeka. Mnasema: huyu kijana wa shirika anatuambia mlango uwe wazi kwa adui. Mlango wa nani? Nyumba yangu imechomwa hata mlango wake.

Sina jibu tamu. Msamaha wa 1963 ulizuia bwawa lisipasuke, na mimi nimezaliwa katika mji ulio na umeme (unapokuwepo) kwa sababu ya msamaha ule. Lakini msamaha ule haukuuliza neno juu ya vijiji vilivyochomwa kaskazini, wala juu ya waliokufa kambini. Waliosamehewa walitajwa. Walioumizwa hawakutajwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi; na tembo wakipatana, nyasi hazialikwi.

Leo tuna neno ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Sheria ya msamaha ya Februari 2014 katika nchi yetu ilisamehe kosa la kuchukua silaha dhidi ya serikali, lakini ilitoa nje makosa ya kivita, makosa dhidi ya ubinadamu, na ubakaji. Maana yake ni kwamba mlango unaweza kuwa wazi kwa yule kijana aliyeshika bunduki, bila kufungwa kwa mama anayetaka kusema kilichompata. Kuandika sheria ni rahisi kuliko kuifuata, ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Lakini ipo, na kiongozi anayeketi katika mazungumzo yoyote ya amani ana haki ya kuitaja.

Wala tusijidanganye kwamba sisi ni nyasi tu siku zote. Miaka ya 1992 na 1993, stesheni ya gari la moshi ya mji huu ilijaa familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa katika nyumba zao, zikingoja gari la moshi kwa majuma na miezi. Watoto walifia pale. Hao hawakufukuzwa na jeshi la kigeni. Wengi walifukuzwa na majirani waliosikia maneno ya wakubwa na kuyatii. Maneno ya vita yanafika mbali kwa sababu sisi tunayabeba. Basi na maneno ya kukoma kwa vita hayatafika kama hatuyabebi.

Sisi tufanye nini

Kwa viongozi ninaomba matatu.

*Pelekeni habari ya kweli juu.* Msimwambie msimamizi wa eneo wala mbunge kwamba "hali ni shwari" ili mpate sifa. Mkubwa aliyedanganywa hawezi kusema basi kwa wakati.

*Msiwaaibishe wanaoweka silaha chini.* Wale Waireland waliaibishwa kwa miaka 40 kwa kosa la kuwarudisha watu wao wakiwa hai. Kijana akirudi kutoka msituni na mtaa mzima ukamwimbia nyimbo za matusi, wale walio nyuma yake msituni wanasikia. Mwenye hatia apelekwe mahakamani. Asiye na hatia apewe jembe, chama cha mpira, au kazi ya kufyatua matofali.

*Ulizeni kuhusu askari wadogo.* Katika kila masikilizano, baada ya kusoma majina ya wakubwa, inueni mkono muulize: hawa wengine watalala wapi, watakula nini, na silaha zao ziko wapi?

Kwa familia, kabla ya kufunga mizigo, ulizeni haya manne. Nani ametangaza, na je, makamanda walio upande wa kijiji chetu wamesikia na kutii? Silaha zimekusanywa, au zimefichwa tu? Ni nani kati yetu amekwenda kuona kwa macho yake na kurudi? Na shamba letu, nani analilima sasa, na tutazungumza naye mbele ya chefu yupi? Tumeni watu wawili au watatu kwanza, na miongoni mwao awemo mwanamke mmoja. Wanaume huangalia barabara. Wamama huangalia kisima, zahanati, na macho ya watu.

Na kwa wote: mtoto wenu au ndugu yenu akiwa msituni, msimkatie simu. Mkimwacha asikie sauti ya nyumbani, mnamwachia mlango. Serikali nzima ya Katanga ilihitaji mlango. Itakuwaje kijana wa miaka 17?

Kumalizia

Mama wa Mitwaba, naona umekuja, umekaa pale karibu na dirisha. Uliuliza mkubwa hufanya namna gani hata aseme basi. Ninajibu hivi: husema basi ukweli unapomfikia, marafiki wanapochoka, anapoona anachotaka kuchoma ni chake, na anapoona mlango. Na askari wake hutii kama kuna anayewaheshimu na aliyewaandalia mahali pa kwenda. Mambo mawili kati ya hayo yako mbali nasi. Lakini kusema ukweli na kutunza mlango, hayo hata sisi tunaweza kuyaanza hapa hapa Likasi.

Nkambo yangu alipoona jandarmeri mwenye viatu mkononi, hakumzomea. Alimpa kikombe cha maji kutoka katika zile sufuria zake. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipumbavu. Alisema, "Alikuwa na kiu. Na alikuwa anakwenda."



Maswali ya kuzungumza pamoja katika vikundi

1. Katika kijiji tulichotoka, nani alijua kwanza kwamba vita vinakuja? Nani alijua kwanza kwamba vimekwisha?
2. Tunajua mtu aliyeweka silaha chini akapokelewa vizuri? Na aliyepokelewa vibaya? Matokeo yalikuwa nini?
3. Tukialikwa kesho kwenye meza ya masikilizano, ni jambo gani moja la familia zetu tungependa liandikwe?
4. Kuna neno la chuki tunalolibeba sisi wenyewe mtaani? Tutaliachaje?